Kabazi: Ambako hata kurunzi yahitaji dereva

Ukitoka mjini Nakuru kwa barabara iendayo Bahati na Subukia, utaiacha Menengai upande wako wa kushoto, mlima ule mpana uliobomoka katikati na kuacha kreta ambayo ni miongoni mwa kubwa zaidi ulimwenguni. Mbele yako utaona mashamba ya mahindi, maharagwe na mboga, ng'ombe wa maziwa waliofungwa nyuma ya nyumba, na migongo ya milima inayoteremka hadi bonde la Solai. Huko ndiko iliko Kabazi, mojawapo ya wadi tatu za eneo bunge la Subukia, pamoja na Waseges na Subukia yenyewe.

Wengi wa wasomaji wetu wa mijini hupita upande huo mara moja kwa mwaka, nao hawasimami. Waumini wa Kanisa Katoliki huelekea Subukia kila Oktoba kwenda kuhiji katika Kijiji cha Maria Mama wa Mungu. Wengine wapo njiani kwenda Nyahururu kutazama maporomoko ya maji. Hata hivyo, nakusihi siku moja uende Kabazi kwenyewe, na ukienda usiharakishe kurudi. Kaa hadi jua litue. Hapo ndipo utakapolielewa jambo ambalo mkaazi wa mjini, aliyezoea taa za barabarani na za madirisha ya majirani, hulisahau kabisa: giza nalo ni sehemu ya nchi, kama vile mto au mlima.

Ikweta inapita karibu sana na hapa. Kwa sababu hiyo, Kabazi haijui siku ndefu za kiangazi wala usiku mrefu wa majira ya baridi kama wanavyojua watu wa Ulaya. Mwaka mzima jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika chache. Tena halichelewi-chelewi kuzama. Baada ya dakika ishirini hivi, mkono wako huuoni. Kuanzia hapo ni usiku wa takribani saa kumi na mbili. Ikumbuke hesabu hiyo, msomaji, maana tutairudia tutakapokuwa tumeinama juu ya meza ya fundi.

Usiku una wenyewe

Usidhani kwamba usiku ukiingia kila mtu hujifungia ndani. Mkulima wa ng'ombe wa maziwa huamka kabla ya alfajiri ili maziwa yaondoke mapema. Mama wa sokoni hubeba magunia yake hadi barabarani kungoja gari la kwanza. Mlinzi huzunguka ghala la mahindi baada ya mavuno. Mwendeshaji bodaboda hurejea nyumbani akisukuma pikipiki iliyoharibika. Mja mzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku, jamaa zake hawawezi kumwambia mtoto angoje jua lichomoze.

Aidha, sehemu hizi zimewahi kupatwa na makuu usiku. Ilikuwa usiku wa tarehe 6 Januari 1928 wakati ardhi ya Subukia ilipotikisika kwa nguvu ya 6.9, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyopata kurekodiwa nchini Kenya. Lilipasua ardhi kwa umbali wa kilomita nyingi kandokando ya ukingo wa Bonde la Ufa. Tena ilikuwa usiku, tarehe 9 Mei 2018, wakati Bwawa la Patel huko Solai lilipopasuka baada ya mvua kubwa. Maji na matope yalishuka juu ya nyumba za watu, na watu wasiopungua 47 wakapoteza maisha yao. Anayetaka kujua kwa nini kurunzi si anasa katika nchi hii, na afikirie kumtafuta mtoto katika matope usiku kama ule.

Ni kweli kwamba nyaya za umeme zimefika mahali pengi. Mradi wa serikali wa kuwafikishia umeme wananchi walio mbali, ulioanza mwaka 2015, uliunganisha nyumba nyingi za mashambani. Hata ndani ya Menengai mvuke wa ardhini umegeuzwa umeme, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza huko, wenye uwezo wa megawati 35, ulianza kuzalisha. Lakini nyaya huishia nyumbani. Haziendi nawe zizini, mtoni wala kwenye kichochoro kati ya mashamba mawili. Aidha, tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilipokosa umeme kwa saa nyingi, hata wakaazi wa Nairobi walikumbushwa kwamba mwenye kurunzi ni mfalme.

Paka mwekundu wa Nakuru

Hapana budi tuikumbuke historia, kwani kwa miaka mingi mwanga wa kurunzi za Kenya ulitengenezwa papa hapa Nakuru. Kampuni ya Eveready East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa na kiwanda chake mjini humo. Mwenye umri wa kutosha hakosi kuyakumbuka yale mawe mekundu yenye picha ya paka. Mawe mawili yalitiwa ndani ya kurunzi ya bati, yakasukumwa na springi, na mbele kukawa na glopu ndogo iliyotoa mwanga wa manjano. Yalipochoka yaliwekwa juani, na mtoto akaapa kwamba yamepata nguvu tena.

Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014, baada ya kampuni kulalamikia bidhaa rahisi kutoka nje. Lakini hata bila ushindani huo, kurunzi yenyewe ilikuwa imekwisha kubadilika. Glopu ya waya ilikuwa imepokonywa kazi na kijiwe kidogo kiitwacho LED, yaani daiodi itoayo mwanga.

Daiodi ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana vyema ilitengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962. Kwa miaka thelathini hivi taa hizo zilitumika tu kuonyesha kwamba redio imewashwa. Kilichokosekana ni rangi ya buluu, ambayo bila yake mwanga mweupe haupatikani. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliotegua kitendawili hicho mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 2014 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni sadfa ya kushangaza: mwaka ule ule dunia ilipowapongeza watatu hao ndio mwaka ambao kiwanda cha mawe ya kurunzi cha Nakuru kilifunga milango.

Tatizo ni kwamba kizuri kilipofika madukani mwetu kilifuatana na bandia. Watafiti wa Kimarekani walionunua kurunzi za LED za kuchajiwa nchini Kenya mwaka 2009 walipima aina tatu zilizokuwa zikiuzwa sana. Walikuta kwamba uwezo wa betri ulikuwa chini ya ule ulioandikwa kwa asilimia 30 hadi 50. Katika utafiti mwingine wa miaka hiyo waliwahoji Wakenya 46 waliokuwa wakitumia kurunzi kama hizo, zilizouzwa kati ya dola moja na nne. Karibu tisa katika kila kumi walisema kurunzi zao ziliwasumbua ndani ya miezi sita. Ukizungumza na mama wa Kabazi leo huenda akakwambia kisa hicho hicho bila kusoma utafiti wowote.

Kwenye meza ya fundi

Basi na tuingie katika kibanda cha fundi wa jua kali, kile cha redio, simu na taa, ambacho hakikosekani katika soko lolote la Bonde la Ufa. Mama mmoja huingia na kuweka kurunzi mezani.

"Habari ya leo, fundi?"

"Nzuri sana, mama. Karibu."

"Hii kitu nilinunua juzi tu. Usiku wa kwanza ilimulika mpaka kwa jirani. Sasa haiwezi kunionyesha hata mlango wa zizi."

"Wacha niifungue, mama, tuone kama ina dereva."

Mama atacheka, na wewe pia msomaji waweza kucheka. Kurunzi na dereva wapi na wapi? Lakini fundi hafanyi mzaha. Dereva ndilo jina wanalolipa mafundi saketi ndogo inayokaa kati ya betri na taa, nayo kazi yake ni kuuendesha umeme. Kurunzi nyingi za bei ya chini hazinayo. Betri imeunganishwa na taa moja kwa moja, au kwa kijiti kimoja cha rizista, na mengine yameachiwa Mungu.

Glopu ya zamani haikuhitaji dereva. Waya wake ukipata moto, ukinzani wake huongezeka, nao mkondo wa umeme hujizuia wenyewe. Ilikuwa kama mtu mwenye adabu, akishiba husukuma sahani. LED haina adabu hiyo. Ile nyeupe huanza kuwaka vizuri ikipata volti tatu hivi. Ukiiongezea volteji kidogo tu, mkondo hupanda kwa kasi kubwa. Isitoshe, inapopata moto huhitaji volteji ndogo zaidi, kwa hivyo betri ile ile huisukumia mkondo mwingi zaidi, nayo ikazidi kupata moto. Huo ni mduara wa maangamizi, na taa iliyong'aa usiku wa kwanza huishia kuwa na rangi ya majivu.

Ukitaka mfano wa nyumbani, fikiria kinu cha posho. Mahindi hutiwa katika sinia juu, na chini yake kuna mlango mdogo ambao mwenye kinu huufungua kwa kipimo. Akiuachia wazi, mahindi humiminika na kinu husakamwa. Akiubana mno, kinu huzunguka bure. Betri ni sinia la mahindi, LED ni kinu, na dereva ni mkono ule ulio juu ya kile kimlango. Usipokuwapo mkono huo, hata mahindi bora hayatoi unga.

Njia tatu za kuendesha taa

Fundi atakueleza kwamba dereva ana namna tatu kuu. Ya kwanza, na ya kimaskini, ni rizista peke yake. Chukua betri moja ya lithiamu, ambayo ikijaa huwa na volti 4.2. Taa inataka volti 3. Zile 1.2 zinazobaki lazima zipotelee mahali. Ukitaka mkondo wa ampia 0.35, gawanya 1.2 kwa 0.35 upate rizista ya omu 3.4 hivi. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari hatashindwa na hesabu hiyo. Lakini tazama kinachotokea betri inaposhuka hadi volti 3.4. Ziada ni volti 0.4 tu, na mkondo huanguka hadi karibu ampia 0.12. Mwanga umepungua zaidi ya nusu ilhali betri bado ina chakula. Ndiyo hadithi ya mama na mlango wa zizi.

Ya pili ni kutumia chipu inayojirekebisha. Iliyo maarufu miongoni mwa watengenezaji kurunzi duniani ni AMC7135, mdudu mdogo asiyefika ukubwa wa punje ya mhindi. Kazi yake ni moja tu: kupitisha miliampia 350, si zaidi, iwe betri imejaa au imepungua, hadi pale volteji ya betri inapokaribia kabisa ile ya taa. Ukitaka mwanga mwingi waweka chipu kadhaa bega kwa bega. Nane hupitisha ampia 2.8, na hapo unazungumzia kurunzi ya wati tisa hivi, ya kummulika fisi ng'ambo ya bonde. Kasoro yake ni kwamba ziada ya volteji bado hugeuka joto, ijapokuwa kwa betri moja ya lithiamu hasara hiyo si kubwa sana, nayo hupungua kadiri betri inavyoshuka.

Ya tatu ndiyo ya mafundi waliokomaa. Tuseme unataka kufunga betri mbili kwa mfuatano, volti 7.4, kwa taa ile ile ya volti tatu. Ukitumia chipu ya namna ya pili, zaidi ya nusu ya umeme wako itaishia kuwa joto. Hapo huja koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa juu ya kipande cha feraiti. Transista hufungua na kufunga umeme maelfu mengi ya mara kwa sekunde. Ikifungua, koili huweka akiba. Ikifunga, koili huitoa akiba hiyo kupitia daiodi kuelekea kwenye taa, na kapasita huyatuliza mawimbi. Rizista ndogo sana, tuseme ya omu 0.1, huwekwa njiani kama askari wa kuhesabu. Mkondo wa ampia 2 ukipita, juu yake hupatikana volti 0.2. Chipu huisoma ile 0.2 na kujua kama ikaze au ilegeze. Saketi ya namna hiyo ikitengenezwa vyema huweza kuufikisha mkononi mwa taa umeme wote isipokuwa sehemu moja katika kumi hivi.

Hesabu ya usiku wa Kabazi

Lakini, msomaji, dereva bora si yule anayetoa mwanga mkali kuliko wote. Hapo ndipo matangazo ya madukani yanapotupotosha. Muulize fundi stadi atengeneze kurunzi, naye kabla ya kushika chuma cha kulehemu atakuuliza maswali. Ni ya nani? Ya kufanyia nini? Kwa muda gani?

Tuseme ni ya mlinzi wa ghala. Tulikubaliana kwamba usiku wa hapa ni saa kumi na mbili. Betri ya lithiamu ya umbo lile la kawaida, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, ikiwa ya kweli huweza kubeba miliampia-saa 3,000. Tuiachie akiba kidogo, tutumie 2,400. Gawanya kwa kumi na mbili, na jibu ni miliampia 200. Basi hiyo ndiyo gia ya kwanza ya dereva wetu. Kwa LED nzuri ya siku hizi, mkondo huo hutoa mwanga wa kutosha kabisa kuonyesha njia, mlango na uso wa mtu, tangu magharibi hadi macheo.

Chipu yetu hupitisha 350. Tutapataje 200? Kwa kuiwasha na kuizima upesi sana, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, ili katika kila mia iwe imewashwa 57 na kuzimwa 43. Jicho halioni kukatika huko, bali huona mwanga uliopungua. Kazi hiyo hupewa kompyuta ndogo ya chipu moja, ambayo bei yake si kubwa nayo hukaa juu ya bodi ya duara yenye ukubwa wa sarafu. Kompyuta hiyo hiyo hupewa gia ya pili, chipu zote nane kwa pamoja, kwa ajili ya dakika ile mlinzi anaposikia mti ukivunjika nyuma ya ua. Kwa gia hiyo betri itakwisha kwa saa moja hivi, kwa hivyo ni ya dharura, si ya kutembelea.

Kwa mama wa maziwa hesabu ni nyingine. Yeye anahitaji saa moja tu, lakini anahitaji mikono yote miwili, na ng'ombe hapendi kumulikwa machoni. Kwake fundi atafunga taa ya kichwani, yenye mwanga mpole uliotawanyika. Kwa mkunga hesabu ni nyingine tena, maana mwanga wenye ubuluu mwingi huificha rangi halisi ya damu na ya ngozi ya mtoto. Kwa kila mtu taa yake. Ndiyo maana ya saketi iliyobuniwa makusudi, badala ya ile iliyomwagwa kutoka kontena.

Hatari mbili

Kuna mambo mawili ambayo fundi mwaminifu hatayaacha. La kwanza ni joto. Watu husema LED haipati moto. Si kweli. Katika kurunzi ya wati tisa, sehemu kubwa ya umeme bado hugeuka joto, nalo hukusanyika katika kijiwe kidogo kuliko ukucha. Lazima kijiwe hicho kikae juu ya bamba la shaba au aluminiamu lililoshikana na mwili wa kurunzi, ili mkono na upepo wa usiku vilibebe joto hilo. Taa kali ndani ya plastiki tupu ni sawa na jiko ndani ya gunia. Dereva mzuri hujipima joto, na akiona limezidi hupunguza mwendo mwenyewe.

La pili ni betri. Lithiamu si jiwe la paka mwekundu. Ikinyonywa hadi chini kabisa huharibika, na ikichajiwa kupita kiasi au ikigusanishwa ncha zake huweza kulipuka moto. Dereva hana budi kuzima taa volteji inapofika karibu 3, baada ya kumtahadharisha mwenye kurunzi kwa kupepesa. Chaja nayo isipite volti 4.2. Jihadhari na betri zilizofunuliwa kutoka kompyuta za zamani bila kupimwa. Na ukiona betri ya umbo hilo imeandikwa miliampia-saa 9,900, icheke na uirudishe, kwani zilizo za kweli nyingi huwa kati ya 2,000 na 3,600.

Mtoto wa Kitengela na mwizi wa juli

Pengine mwanafunzi anayesoma haya anasema moyoni kwamba mambo hayo ni ya Wachina na Wajapani. La hasha! Upande wa Kitengela, pembeni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, mvulana wa Kimaasai aitwaye Richard Turere alikuwa akisumbuliwa na simba waliokula ng'ombe wa baba yake. Aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kifaa cha kupepesa taa za ishara za pikipiki, swichi, na taa alizozitoa katika kurunzi iliyovunjika, kisha akazifunga kuzunguka boma zikipepesa kana kwamba mtu anazunguka na tochi. Betri ilichajiwa kwa paneli ya jua. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013, kabla hajawa na ndevu, alisimama jukwaani California kuueleza ulimwengu. Kile kifaa cha pikipiki kilikuwa nini kama si dereva?

Nawe waweza kuanza na kidogo zaidi. Kuna saketi maarufu iliyochapishwa katika jarida moja la elektroniki la Uingereza mwaka 1999, inayoitwa kwa utani mwizi wa juli, juli ikiwa ni kipimo cha nishati. Yataka vitu vinne: transista moja ndogo, rizista ya omu 1,000, LED moja, na pete ya feraiti uliyoizungushia nyaya mbili kwa pamoja kama mara ishirini. Jiwe moja kavu la volti moja na nusu, hata lile ambalo redio imelikataa, haliwezi peke yake kuwasha taa ya volti tatu. Lakini koili ikijazwa na kukatwa upesi hurusha volteji juu, na taa ikawaka. Jiwe lililokuwa liende jaani hutoa mwanga kwa saa nyingi zaidi. Likiwa ni somo la Jumamosi kwa baba au mama na watoto mezani, halina kifani, na halina hatari.

Ukienda Kabazi

Basi panga safari, msomaji. Ondoka Nakuru asubuhi kwa matatu, upumue hewa ya Bahati, uyatazame mabonde ya Subukia na Solai jua likiwa juu, ununue mboga moja kwa moja kutoka kwa aliyezipanda. Beba koti, kwa kuwa jioni baridi haisemi hodi. Na ukibeba kurunzi, isiwe ya kuwamulika watu machoni, maana mashambani huo ni utovu wa adabu. Elekeza mwanga chini, useme habari ya jioni, nawe utajibiwa.

Utakapoona nukta za mwanga zikipita moja moja katikati ya mashamba, ujue kwamba kila nukta ni mtu aliye na shughuli yake. Huyu anakwenda zizini, yule anamfuata daktari, mwingine analinda mahindi ambayo kesho yatakuwa ugali wako mjini. Wanahitaji vifaa vinavyosema kweli juu ya uwezo wao, na vijana wanaojua kuvitengeneza vikiharibika. Kurunzi inayozimika nusu ya njia si bei rahisi hata kidogo. Kwa hivyo, wakati mwingine ukiwa dukani na muuzaji akikusifia ukali wa mwanga, usimuulize inamulika umbali gani. Muulize kama itawaka hadi asubuhi, na kama ndani yake kuna dereva.